Mirija miwili na beseni: kumbukumbu ya mradi wangu wa fizikia ya nusukaputi

Jumamosi ya kwanza

Nasomea nusukaputi, na kanuni ya Poiseuille naijua kwa moyo: kipenyo cha mrija kikipungua hadi nusu, mtiririko unashuka mara 16. Nimetaka kuiona kwa macho yangu. Nimechukua beseni pana na mirija miwili ya mita 1, mmoja una milimita 4 kwa ndani, mwingine 2. Maji nimeyaweka sentimita 50 juu ya mdomo wa kutokea, nikawa nayaongeza yasishuke.

Mililita 500 zimetoka kwa sekunde 43 kwenye mrija mpana, na kwa dakika 4 na nusu kwenye mwembamba. Mara 6 tu! Nimerudia mara tatu, jibu ni lilelile. Nimelala na kero.

Jumatano usiku

Saa haikukosea. Kanuni ile ni ya maji yanayopita kwa utulivu, tabaka likiteleza juu ya tabaka. Nimekokotoa namba ya Reynolds: kasi mara kipenyo mara densiti (tungamo kwa ujazo), gawanya kwa mnato (ukinzani wa maji kutiririka). Ikivuka kama 2,000, vurugu huanza. Mrija mwembamba ulikuwa karibu na 1,200, ule mpana 3,700. Kumbe nimekuwa nikilinganisha mitiririko ya aina mbili.

Jumamosi ya pili

Beseni limeshuka hadi sentimita 5 juu ya mdomo wa kutokea, ili maji yapite kwa utulivu katika mirija yote miwili. Nimepenyeza wino kwa sindano mwanzoni mwa mrija mpana, kama Osborne Reynolds mwaka 1883. Uzi wa wino umenyooka hadi mwisho. Nilipolipandisha tena beseni hadi 50, ule uzi ukakatika na kusambaa mrija mzima. Nimeutazama mara nyingi kuliko ilivyohitajika, maana ni mzuri mno.

Vipimo vya sentimita 5: mililita 100 kwa sekunde 35, na kwa dakika 8 na sekunde 50. Mara 15. Hatimaye!

Sasa naelewa kwa nini mgonjwa anayevuja damu hutafutiwa kanula (kijirija cha kuingizwa mshipani) fupi na pana mkononi: urefu ukiongezeka maradufu, mtiririko unabaki nusu, hivyo katheta (mrija wa mshipani) ndefu na nyembamba ya shingoni inaweza kushindwa na kanula hiyo.

Lakini kinachonikaa zaidi ni koo la mtoto. Njia ya hewa ya milimita 4 ikivimba milimita 1 pande zote, zinabaki 2. Akilia na kuvuta pumzi kwa nguvu, hewa inaingia kwenye vurugu, na hapo kazi ya kupumua inapanda kuliko hata ile mara 16. Ndiyo maana mtoto wa namna hiyo huachwa mapajani kwa mama yake, asisumbuliwe. Katika vurugu kinachotawala ni densiti, si mnato, kwa hiyo mchanganyiko wa heliamu na oksijeni, ulio mwepesi kuliko hewa, hupita kwa urahisi zaidi.

Jumamosi ijayo nakata mrija mpana vipande vya sentimita 50, 25 na 5. Hicho kifupi nadhani kitaikataa kanuni, kwa kuwa maji yatatoka kabla hayajatulia.