Naandika mbalamwezi ikiwaka

Nilianza kuandika nikiwa na miaka 56, nyuma ya kaunta buku ya hesabu za dagaa. Mbele kuna majina ya wanaodaiwa na ndoo walizochukua. Nyuma nikaanza kumwandika mama.

Nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Anayeijua kazi hii anajua haina saa ya kukaa. Wakati wa giza mitumbwi inaingia alfajiri, na kutwa ni kupokea, kuanika, kugeuza, kukimbizana na mvua. Mwezi ukipevuka, dagaa hawavutwi na taa. Wavuvi wanabaki nchi kavu wakishona nyavu, nami napata siku chache za kupumua. Hizo ndizo nilizoandikia. Mwalimu mmoja aliniambia mwandishi lazima aandike kila siku; nikapoteza karibu mwaka mzima nikijilaumu bure.

Kilichonitesa zaidi ni lugha. Kurasa za mwanzo zilikuwa insha tupu za shule ya msingi, jua limechomoza, ndege wanaimba, na mama hayumo. Binti yangu akasoma, akaniuliza, "Mama, hivi kweli bibi alikuwa anaongea hivi?"

Sikumjibu. Usiku nikafumba macho, nikamwona mama anachota dagaa kiganjani, anawasugua karibu na sikio. Wakilia kama majani makavu, anasema, "Haya, fungasheni." Wasipolia, wanarudi juani. Nikaandika hivyo tu, mistari minne, nikalia sana. Tangu siku ile sifungi ukurasa kabla sijausoma kwa sauti, na nisipoisikia sauti yake, naurudia.

Umri ulikuwa unanitia aibu. Aliyeniondolea aibu hiyo ni Aniceti Kitereza wa hapo Ukerewe. Alizaliwa 1896, akamaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa akiwa ameshapita miaka 80. Alifariki 1981. Zaidi ya miaka 30 alikaa na kazi yake, hapo hapo kisiwani, na hakuiacha. Mimi na miaka yangu minne nilalamike nini?

Sasa nina kaunta buku tatu. Wiki ijayo mwezi unajaa, na nimefika pale mama anapouza kitenge chake cha pekee ili ninunuliwe sare ya shule. Mara mbili nimepakwepa. Binti yangu amekubali kukaa kwenye meza sokoni.