Tulivyowatuza wenye maduka waliokataa kuuza sigara mojamoja

Ukitaka kujua kama duka linauza sigara mojamoja, huna haja ya kuuliza. Tazama nondo za dirisha. Ukiona kibiriti cha gesi kinaning'inia kwa uzi, jua hapo pakiti hufunguliwa. Mteja analipa, anavuta kibiriti, anawasha, anakiachia, anaongezewa peremende ya mnanaa ya kukata harufu, anaondoka zake. Hapa kwetu Likoni, Mombasa, upande wa Mtongwe, nimevitazama vibiriti hivyo muda mrefu kwa sababu kazi yangu ni kuzunguka. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, mmoja wa wale mnaotuona na begi mgongoni tukiingia nyumba hii na ile kupima presha na kuuliza kikohozi cha mtoto kimefikia wapi.

Wengi hudhani kosa ni kumuuzia mtoto tu. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18, ndiyo, lakini pia inakataza pakiti yenye sigara chini ya kumi. Kwa hiyo kuuza mojamoja ni kosa hata mnunuzi akiwa mzee mwenye mvi. Na sababu yake ni ya maana. Tangu 2016 pakiti zinazouzwa Kenya zina picha za maradhi, na maonyo yameandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza. Mtoto wa gredi ya saba anayenunua sigara moja haioni hiyo pakiti. Picha zote zinabaki kwa mwenye duka, chini ya meza, pamoja na sarafu.

Kwa miaka tulijaribu njia ya vitisho. Afisa wa afya ya umma anakuja, habari zinamtangulia, vibiriti vinafichwa, akivuka feri kurudi mjini vinarudi. Simlaumu, eneo lake ni kubwa na miguu yake ni miwili. Lakini katika kuzunguka kwangu nilikuwa nimeona jambo ambalo halikuwa kwenye ripoti ya mtu yeyote: maduka machache hayakuwa na kibiriti dirishani, na hayakuwa nacho tangu zamani.

Nilianza kuuliza. Ami mmoja, mwenye duka la jumla na rejareja karibu na msikiti, alinijibu huku akipima sukari, hata hakuinua macho: "Riziki yangu haina moshi, binti yangu." Basi, hakuongeza neno. Mama wa duka la kona yeye alinivuta ndani, akaniketisha juu ya kreti la soda, akanieleza habari za marehemu mumewe, aliyekuwa kuli bandarini na aliyekufa kwa saratani ya koo. Alipomaliza eda alirudi dukani, akazitoa pakiti zote zilizobaki, akazivunjavunja mbele ya mtu aliyemletea. "Alidhani nimerukwa na akili," akasema. Na akanipigia hesabu: faida ya sigara moja ni shilingi chache sana, lakini mwenye kununua sigara hununua na soda, na mkate, na salio la simu. Ukiiondoa sigara, unamwondoa mtu mzima na kapu lake. Hiyo ndiyo gharama aliyoibeba, na hakuna aliyewahi kumwambia ahsante.

Hapo ndipo nilipopata wazo la kuwatuza hawa badala ya kuwafukuzia wale.

Nilimwendea kwanza mzee wa mtaa. Alinisikiliza vizuri, akachezea kofia yake, halafu akasema: "Mwanangu, mgema akisifiwa, tembo hulitia maji." Nilikaa na neno lile njia nzima. Siku ya pili nikarudi kwake na jawabu: tutasifu kwa muda. Sifa itakuwa ya mwaka mmoja, na kabla haijafanywa upya tutakagua tena. Akacheka, akakubali kuwa mwenyekiti.

Kamati ilikuwa na yeye, mwalimu wa shule ya msingi iliyo jirani, maalim wa madrasa, mama mmoja wa kwaya, makanga wa steji na mimi. Makanga nilimng'ang'ania mimi, wengine hawakumtaka. Nilijua jambo wasilolijua wao: mkaguzi bora wa sigara ni mvutaji mwenyewe. Ukimuuliza mwenye duka, atakwambia hauzi. Ukimuuliza mvutaji "Kaka, pale kwa mama unaweza kupata moja?" atakujibu papo hapo, na atakuonyesha na pa kupata usiku duka likishafungwa. Yule makanga, ambaye mwenyewe huvuta, alituletea orodha yote ya mtaa jioni moja tu. Mwalimu naye alitazama vipisi vya sigara vilivyotupwa nje ya kila duka kwenye njia ya watoto kwenda shule. Hatukumtuma mtoto yeyote kununua. Kuna aliyependekeza hivyo nikakataa kabisa, maana huwezi kumtia sigara mkononi mtoto ili uthibitishe kwamba watoto wanatiwa sigara mkononi.

Tulibaki na maduka saba. Ugomvi ukaanza.

Ugomvi wa kwanza ulihusu wanaouza pakiti nzima kwa watu wazima tu. Hawavunji sheria. Je, tuwaandikie ukutani? Mwalimu alisema ndiyo, tuwe waadilifu. Mimi nilisema hapana, na sababu yangu haikuwa ya maadili. Ukiandika ukutani "Hapa hatuwauzii watoto sigara", umeshamwambia kila mpita njia kwamba hapa zipo. Matangazo ya sigara yamepigwa marufuku na sheria hiyohiyo, nasi tusije tukayarudisha kwa mkebe wetu wa rangi. Tukakubaliana hao wapelekewe barua ya shukrani, na maandishi ya ukutani yawe ya wasiouza kabisa.

Ugomvi wa pili ndio uliokula muda. Kijana mmoja Mmeru ana kibanda karibu na steji, na sigara hauzi kamwe. Watoto wakija kuulizia huwafukuza kwa makelele yasikike mpaka ng'ambo ya barabara. Lakini anauza muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa. Nanyi mnajua muguka ni moto kiasi gani hapa Pwani: Mei 2024 Kaunti ya Mombasa ilitoa amri ya kuupiga marufuku, mahakama ikaisimamisha amri ile, na hadi leo ukitaja neno hilo kwenye kikao cha watu sita utapata maoni tisa. Maalim alisema hawezi kusimama mbele ya kibanda cha muguka akasifu. Makanga akamuuliza, kwa adabu zote, kama tumekuja kuzungumzia tumbaku au tumekuja kuzungumzia kila kitu. Mimi nilikuwa upande wa makanga. Yule kijana anapoteza wateja kwa jambo tunalolitaka, na hilo ndilo tulilosema tutalipima. Tukapiga kura nikashindwa. Alipata barua, hakupata ukuta. Bado naona hatukumtendea haki, na yeye anajua naona hivyo, kwa sababu nilimwambia.

Fedha zilikuwa jambo dogo lililokaribia kutuharibia kubwa. Kijana mmoja anayefanya kazi na msambazaji wa sigara alisikia habari, akaja na maneno matamu: bosi wake yuko tayari kutoa fulana kwa watu wote, zenye ujumbe wa kuwalinda watoto, na wala hataki jina lake liandikwe. Fulana, ndugu zangu, na mwezi ule kila mtu alikuwa anahesabu senti za Idi! Mama wa kwaya akaniangalia. Nilimweleza kwamba sheria yetu imekataza ufadhili wa aina hiyo, na kwamba kanuni za mwaka 2014 zinazobana uhusiano wa wafanyabiashara wa tumbaku na maafisa wa umma zilipingwa kortini muda mrefu, hadi Mahakama ya Juu ilipoitupa rufaa mwaka 2019. Mtu hapigani mahakamani miaka yote hiyo kwa jambo lisilo na faida kwake. Fulana zile zingetufunga midomo tukiwa tumezivaa. Tulimrudisha kijana kwa heshima. Muuza vifaa vya ujenzi akatoa rangi, chama chetu cha akina mama kikatoa ujira wa fundi wa maandishi, na mwalimu akachapisha barua kwa printa ya shule kwa idhini ya mwalimu mkuu.

Msaidizi wa mwanasiasa mmoja naye alitaka jina la bosi wake liwe juu ya barua. Mzee wa mtaa alimaliza jambo lile peke yake, sijui alimwambia nini, sikuuliza.

Siku tuliyoichagua ilikuwa 31 Mei 2025, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, ambayo Shirika la Afya Duniani huiadhimisha kila mwaka na hata kutoa tuzo zake kwa watu na taasisi. Ilikuwa Jumamosi. Wenzangu walitaka ukumbi, viti vya plastiki, mgeni rasmi. Nikawaambia mwenye duka hawezi kufunga Jumamosi ya kukaribia Idi Kubwa ili aje kusikiliza hotuba, na hata akija, watakaomsikia akisifiwa sio wanunuzi wake. Tumfuate pale alipo, asifiwe mbele ya wateja wake.

Basi tukaenda kwa miguu, duka hadi duka. Vijana wa madrasa walitangulia na dufu, watoto wakafuata kama kawaida yao. Fundi alikuwa ameshaandika kuta jana yake kwa rangi ya kijani: "Duka hili haliuzi sigara wala tumbaku. Mtaa unashukuru." Kwa Ami tulimkuta anafunga unga. Mzee wa mtaa akasimama barazani, akaeleza kwa maneno machache mtu huyu amefanya nini na kimemgharimu nini, akampa barua. Ami aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya mizani, na mizani ikasoma sifuri, watu wakacheka. Kwa mama wa duka la kona nilizungumza mimi. Alikuwa amevaa leso mpya. Nilipofika kwenye habari ya zile pakiti alizozivunja, akanikatiza: "Sema na bei yake, wajue!" Nikasema na bei yake.

Lakini rangi na barua havimrudishii mtu kapu aliloliachia. Hili nalishikilia sana. Kule Migori, wakulima walioacha tumbaku hawakupewa pongezi tupu. Mpango wa serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa, lile la afya, la chakula na kilimo, na la mpango wa chakula, uliwapa mbegu za maharage yenye madini mengi ya chuma, mafunzo, na zaidi ya yote soko la kuyauza. Mimi soko sina, ila nina nyumba zipatazo mia ninazozitembelea. Kila nilipoingia baada ya siku ile nilisema: mchele, mafuta, sabuni, ukiweza nunua pale penye maandishi ya kijani. Wengine walinicheka kwamba nimekuwa dalali. Mama wa kona ameniambia wateja wa jioni wameongezeka, hasa akina mama wanaowatuma watoto dukani bila wasiwasi. Ami hasemi chochote kuhusu biashara yake, hajawahi.

Baada ya miezi michache maduka mengine mawili yalikuja yenyewe kuulizia. Moja tulilikubali baada ya makanga kuzunguka na kuuliza. Kuhusu la pili makanga alisema tungoje, akawa na haki: mwenye duka alikuwa ameacha, lakini kijana wake wa zamu ya usiku alikuwa anauza kwa siri. Na moja kati ya yale saba lilirudi nyuma. Tuliambiwa, tukaenda wawili tu, bila kelele, tukakuta ni kweli. Mwenye duka alitueleza kodi imepanda na watoto wanadaiwa karo. Sikuwa na la kumwambia kuhusu kodi. Fundi alikwenda asubuhi mapema akapaka chokaa juu ya maandishi kabla mtaa haujaamka, kwa sababu kumwaibisha haikuwa kazi yetu.

Sasa mwalimu anatusukuma tuangalie kuber na ugoro, kwa sababu tumbaku ya kutia mdomoni haitoi moshi, na mwanafunzi anaweza kukaa nayo darasani hadi kengele ilie. Kuber huja kwenye vipakiti vidogo vya kung'aa, na mzazi asiyejua ataviona mfukoni mwa mtoto avidhanie ni kitu cha kutia harufu nzuri mdomoni. Nimeanza na wauza tambuu. Nimeshazungumza na wawili. Mmoja amekubali kuiondoa mezani. Wa pili alinisikiliza hadi mwisho, akapaka chokaa kwenye jani, akaniuliza tutamlipa nini. Nimemwambia wateja. Anafikiria.