Ndani ya Chombo cha Matanga, Nani Aamue?

Mvutano kuhusu maamuzi chomboni huzuka hasa pale ambapo mwenye chombo, mwenye uzoefu mkubwa na aliyeshika usukani ni watu watatu tofauti. Msimamo wangu ni kwamba nahodha awe mmoja, naye ajulikane kabla nanga haijang'olewa, kwa sababu upepo ukigeuka ghafla hakuna nafasi ya kupiga kura. Kumiliki chombo pekee hakumfanyi mtu kuwa nahodha. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini wa mwaka 1974, yaani SOLAS, pamoja na marekebisho yake, unamkataza mwenye meli, mkodishaji au mtu mwingine yeyote kumzuia nahodha kutekeleza uamuzi anaouona kitaalamu kuwa wa lazima kwa usalama huo.

Hata hivyo, mamlaka hayo ya nahodha yana mipaka yake. Katika suala la kupunguza tanga, ningependa neno la mwenye hofu lizidi neno la shujaa, kwani tanga lililopunguzwa mapema hurudishwa bila taabu upepo ukilegea, ilhali kulipunguza wakati chombo kimekwisha kulala ubavu na mawimbi yanapanda sitaha ni kuwapeleka watu kwenye hatari iliyoweza kuepukwa. Nahodha ana haki ya kukataa ombi la namna hiyo pale tu chombo kinaposukumwa kuelekea miambani na kinahitaji nguvu ya tanga ili kijinasue. (Ombi la kuongeza tanga alikatae apendavyo.)

Yapo pia mambo yasiyongoja amri. Mtu akianguka majini, aliyemwona apige kelele, amnyooshee kidole na asimwondolee macho, hata akiitwa kwa kazi nyingine, kwa kuwa kichwa cha mtu hupotea upesi mno kati ya mawimbi.

Kwa zamu za usiku, iandikwe mapema ni lini nahodha aamshwe: meli ikikaribia, upepo ukigeuka, ukungu ukishuka. Wanaosafiri wawili tu huona maandishi hayo kuwa urasimu, lakini wao ndio wanaoyahitaji zaidi, maana nahodha akiumia maamuzi yote humwangukia aliyebaki, ambaye sharti awe anajua kushusha tanga, kuwasha injini na kuomba msaada kwa redio ya VHF kupitia chaneli ya 16.