Vidole vitatu na nusu

Wengi mmekuwa mkiniuliza kwa meseji mbona sipokei kazi za hina tangu Idi ipite, na wengine mmeambiwa ati nimeacha, basi wacha niandike hapa niwajibu wote mara moja. Sijaacha. Mkono wangu wa kulia uliingia ganzi, na hiyo miezi miwili niliyokaa nikihangaika nao nimejua mambo ya mkono ambayo nilikuwa siyajui kabisa, na mimi kazi yangu ni mikono ya watu, miaka 11 sasa.

Ilianza lile kumi la mwisho la Ramadhan. Wanaonijua wanajua zile siku zilivyo, nakaa kwenye mkeka pale barazani kwetu Kibokoni tangu watu watoke taraweh mpaka karibu na daku, watoto kwa wakubwa foleni, koni ikiisha nashika nyingine, na koni haibanwi kwa nguvu lakini inabanwa bila kuachiliwa, gumba huku, kidole cha shahada na cha kati kule, kifundo cha mkono kimekunjwa saa nne tano. Usiku wa ishirini na saba nikaamka mkono si wangu. Yaani nimeushika kwa mkono wa kushoto nikaona kama nimeshika mkono wa mtu mwingine. Nikaukung'uta hivi, kama mtu anayekung'uta kipimajoto cha zamani, ukarudi taratibu, sindano sindano. Usiku wa pili hivyo hivyo. Baada ya Idi nikaanza kuangusha vitu, kikombe, simu, na siku moja nilikuwa nampaka mtoto wa jirani ua dogo tu la kiganjani, koni ikanitoka vidoleni na mimi sikuhisi kama imetoka mpaka nilipoiona chini.

Mamangu akasema, "Mwanangu, huo mshipa umepanda, wataka kukandwa." Shangazi akasema ni baridi imeingia. Jirani mmoja akasema nimepigwa jicho, mkono unaopaka maharusi wote wale hauwezi kukosa hasidi, nikasomewa na nikashukuru kwa dua. Kisha nikapelekwa kwa mkandaji, mama mtu mzima, mafuta ya nazi yenye karafuu, akaanzia begani akashuka mpaka kigashani na hapo wallahi nilipata raha, nililala palepale. Lakini alipofika kwenye kifundo akasema mshipa ndio huu, akaukandamiza kwa gumba lake kwa nguvu zote akausugua kama anaunyoosha, na vidole vikapata kama shoti ya stima. Usiku ule sikulala kabisa.

Nataka nikae hapa kwa neno mshipa, kwa sababu naona ndilo limenipoteza. Sisi mshipa ni kila kitu. Mshipa wa damu ni mshipa, neva ni mshipa (mshipa wa fahamu kwa wenye kusema vizuri), na zile kamba nyeupe zinazofunga misuli kwenye mfupa, kano, nazo ni mshipa. Vitu vitatu, kazi tatu, na dawa zake hazifanani hata kidogo. Misuli iliyochoka ukiikanda inashukuru. Neva iliyobanwa ukiibana zaidi unaiumiza. Yule mama ni mjuzi wa misuli na sitaacha kwenda kwake mgongo ukinikaza, ila kile alichokishika pale kwenye kifundo hakikuwa cha kukandamizwa, na sisi wote wawili tulikuwa tunakiita jina moja.

Aliyenifungua macho ni mtoto wa khalati yangu, anasoma fiziotherapi, alikuja siku hiyo kula tu. Akanisikia nalalamika akaniuliza swali moja ambalo hakuna mtu alikuwa ameniuliza, "Dada, na kidole cha mwisho nacho?" Nikasema vyote, mkono mzima. Akasema hebu tuone. Akachukua kipande cha pamba akakisokota ncha akawa ananigusa mimi nimefumba macho. Gumba, kama nimevaa glavu. Shahada, vilevile. Cha kati, vilevile. Cha mwisho, kizima kabisa! Na kidole cha pete, hapa ndipo nilipofungua macho nikamtazama, upande unaoelekea cha kati umekufa, upande unaoelekea cha mwisho uko hai. Kidole kimoja, nusu kwa nusu, kama mtu amekipigia mstari katikati.

Akaniambia huo mstari ni mpaka wa neva mbili. Kutoka shingoni, kwenye mifupa ya shingo na ule wa kwanza wa kifua, zinatoka neva tano zinazosukana zikipita chini ya mtulinga na kwapani, kama nywele zinavyosukwa, halafu zinatoka upande wa pili zimekuwa neva kubwa za mkono. Tatu ndizo zinazofika kwenye vidole. Neva ya mediani inapita katikati ya kigasha na kuleta hisia ya gumba, shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Neva ya ulna inachukua nusu iliyobaki na cha mwisho. Ya tatu, neva ya radiali, inashika sehemu ya mgongo wa kiganja upande wa gumba, na ndiyo inayoinua kifundo na kunyoosha vidole. Kwa hiyo ganzi ya vidole vitatu na nusu haitoki kwenye damu, wala baridi, ina anwani yake. Neva ya mediani, na pa kwanza pa kuangalia ni kwenye kifundo.

Sasa fanyeni hivi na nyinyi mnaosoma. Shika kigasha chako cha kulia kwa mkono wa kushoto, karibu na kiwiko, halafu chezesha vidole kama unapiga kinanda. Unahisi nyama inavyocheza? Hiyo ndiyo inayovuta vidole. Ndani ya vidole vyenyewe hakuna misuli ya kuvikunja, ni mifupa na kamba tu. Mkunjo unatoka kwenye misuli ya upande wa ndani wa kigasha, mnyoosho kwenye ile ya upande wa nje, jumla misuli kama 20 kwenye kipande hicho kimoja, na midogo mingine iko kiganjani. Waliolelewa nyumba ya kuchinjwa kuku watakumbuka, tulikuwa tunachukua mguu uliokatwa tunavuta ule uzi mweupe na kucha zinajikunja, tunakimbizana nao uani. Ule uzi ndio kano. Mkono wetu unafanya vilevile.

Na kamba zote hizo za kukunja lazima zipite kwenye kifundo. Pale pana mifupa midogo 8 iliyojipanga kama mfereji, na juu yake pamefunikwa na ligamenti, yaani utepe unaofunga mfupa kwa mfupa, ngumu, pana, inayotoka upande mmoja kwenda mwingine. Handaki hasa. Ndani yake zinapita kano 9, mbili mbili kwa kila kidole na moja ya gumba, pamoja na neva ya mediani. Kumi kwenye tundu ambalo halitanuki. Fikirieni feri ya Likoni saa kumi na moja jioni, wote wamesimama bega kwa bega, halafu kila mtu abebe gunia. Utando unaozunguka kano ukivimba kwa kazi nyingi, mfupa haukubali kusogea, ligamenti haikubali, anayebanwa ni yule laini kuliko wote. Ukikunja kifundo unazidi kupafinya, na usiku tunalala tumekunja mikono kifuani, ndiyo maana inaamsha watu usiku.

Alinifanyia jaribio la kuelekeza mikono chini migongo ya viganja ikitazamana, vifundo vimekunjwa, dakika moja. Linaitwa kwa jina la daktari wa Marekani, George Phalen. Mimi sikufika hata nusu dakika.

Baadaye hospitali walinithibitishia hivyo hivyo, na wakanipima kisukari na tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, kwa sababu vyote viwili vinaweza kuleta hali hii, hata mimba pia, wanawake wenzangu mnaoamka na ganzi miezi ya mwisho mwambieni mkunga. Kabla ya hapo kuna mahali nilikuwa nimeuziwa dawa za kuongeza damu mwezi mzima bila kuguswa mkono. Inaniuma kwa sababu lile jaribio la pamba halina gharama.

Niliogopa sana kupasuliwa. Kumbe wengi mwanzoni wanaanza na splinti tu, kifaa cha kuuweka mkono umenyooka usiku, wengine wanachomwa sindano ya kupunguza uvimbe, na wakipasua ni ile ligamenti ndiyo inayokatwa ili handaki lipumue. Mimi nimepewa splinti. Lakini wakaniangalia kwanza ile nyama nene iliyo chini ya gumba, wakalinganisha mikono miwili, maana neva hii hii ndiyo inayoiendesha, na ikianza kubonyea basi neva imeumia kwa ndani na hapo si pa kungoja. Neva ikikatika au ikifa kwa ndani inaota polepole mno, kama milimita 1 kwa siku. Nimechukua futi ya cherehani ya mamangu nikapima kutoka kifundo changu mpaka ncha ya kidole cha kati, sentimita 17. Siku 170 hizo. Ile namba ndiyo iliyonifanya nivae splinti bila kukosa.

Tangu hapo naona neva kila mahali. Ami yangu mwaka juzi alilala kwenye benchi mkono umening'inia nyuma ya egemeo, alipoamka kifundo kimeanguka hakiinuki, nyumba nzima ikalia kiharusi. Alikwenda hospitali, na ni sawa alivyokwenda, mkono ukilegea ghafla usikae nyumbani kukisia, haswa mdomo ukipinda au maneno yakigoma. Kwake ilikuwa neva ya radiali, inazunguka nyuma ya mfupa wa juu ya kiwiko na benchi lilikuwa limeibana pale. Wiki chache akawa anainua mkono mwenyewe. Na ile shoti unayopata ukigonga kiwiko kwenye fremu ya mlango si mfupa, ni neva ya ulna, pale iko chini ya ngozi tu.

Mamangu nikimtazama kwenye mbuzi anakuna nazi, mkono unavyozunguka na kifuu, nawaza ile mifupa miwili ya kigasha mmoja unavyoupanda mwenzake kila anapogeuza kiganja, na msuli wa mbele ya mkono wa juu, ule vijana wa jimu wanaotunisha, ndio wenye nguvu kubwa ya kukirudisha kiganja juu. Miaka arobaini anakuna.

Na hili naliweka hapa kwa sababu lilinigusa. Funga ngumi, halafu jaribu kunyoosha kidole cha pete peke yake. Hakitaki. Kano zake za nyuma zimeunganishwa na za jirani zake. Sasa funga ngumi tena unyooshe cha shahada. Kinanyooka bila shida, kwa sababu mbali na ule msuli wa wote kimepewa msuli wake wa ziada wa kukinyoosha. Mara ngapi kwa siku tunakinyoosha kile kidole kwenye tahiyatu, vingine vimekunjwa, na sijawahi kujiuliza mbona kile ndicho kinachokubali. Subhanallah.

Nilivyokuwa sina kazi, mtoto wa khalati akaniambia nimchoree neva kwa hina asome mtihani. Kwa hiyo nikajichora mwenyewe mkono wa kushoto, kwa mkono wa kulia uliokuwa ukipona, polepole, nikipumzika kila mara. Nikaishusha mediani katikati ya kigasha, nikaipitisha kwenye kifundo, nikaifungua kiganjani matawi ya vidole vitatu na nusu. Nilikwenda nayo Marikiti watu wakaniuliza ni mtindo gani huo. Kigashani ilifutika mapema, kiganjani ilikawia.

Jumamosi iliyopita nimempaka bibi harusi wangu wa kwanza tangu Idi, na siwataji wenyewe, wameniruhusu tu niseme. Nimeifunga koni kitambaa iwe nene nisiibane sana, mto chini ya mkono wake na mto chini ya wangu, na kila nusu saa tunasimama. Kabla sijaanza nikamwomba agusanishe gumba na kidole cha mwisho akunje kifundo kidogo. Mkono wa kulia ikasimama ile kamba ya katikati, palmarisi longasi inaitwa. Wa kushoto, hakuna. Kuna watu hawana kabisa na mkono haupungukiwi kitu, mpaka madaktari wakitaka kano ya kuunga mahali pengine huichukua hiyo. Miaka 11 nachora juu yake, nilikuwa nadhani ni wembamba wa mtu tu. Yeye mwenyewe hakuwa anajua, akaita dada zake wote chumbani wakaanza kujikunja mikono kitandani, wenye nayo na wasio nayo, mamake naye akaja. Walipotulia nikaanza na mkono wa kushoto, pale pa laini pasipo na kamba, ua la kwanza.