Nozeli ya buluu kati ya nyekundu

Kazi yangu ni kuendesha kigari cha kupulizia dawa kwenye uwanja wa gofu. Alhamisi moja asubuhi nilipiga salfeti ya chuma, ile ya kukoleza kijani cha nyasi. Ijumaa kulipopambazuka, grini ya namba 9, yaani zile nyasi fupi zinazozunguka shimo la tisa, ilikuwa pundamilia. Nyasi zilikuwa zimeiva kijani cha kukaribia weusi, na katikati yake kuna mistari iliyofifia, imenyooka kana kwamba mtu ameipiga rula. Jumamosi yake kulikuwa na mashindano.

Msimamizi wa uwanja hakunigombeza. Alisimama mikono kiunoni, akaniuliza, "Uliikagua mashine?"

"Niliikagua, mkubwa."

Wala sikuwa nadanganya. Nilikuwa nimeangalia oili ya injini, nikapima maji ya rejeta, nikapiga magurudumu teke, nikatia tiki kwenye fomu. Ndivyo nilivyojua tangu nikiosha matatu: gari likiwaka na lisipovuja, ni zima. Sikuwa nimeelewa kwamba kile kigari ninachoendesha hapa kwenye uwanja wa gofu ni vitu viwili vilivyobebana. Chini ni gari. Juu yake kuna tangi la lita 750, pampu, machujio, mipira ya maji na bumu, yaani mkono mrefu wa kupulizia, la mita tano na nusu lenye nozeli 11, vile vichwa vidogo vinavyotoa dawa. Mimi nilikuwa nimekagua gari tu.

Aliyenifungua macho ni mzee wa gereji yetu, mtu asiyependa maneno mengi. Alitembea pale kwenye grini akipima kwa hatua zake ndefu, mstari hadi mstari, kisha akaniita.

"Kijana, kutoka huu hadi ule ni mita saba na nusu. Kutoka ule hadi unaofuata ni tatu na nusu. Halafu saba na nusu tena. Umeona?"

Sikuwa nimeona kitu.

"Bumu lako lina mita ngapi?"

"Tano na nusu, mzee."

"Saba na nusu na tatu na nusu ni kumi na moja. Bumu mbili hizo. Wewe ulikuwa unaenda na kurudi, kwa hiyo kasoro ya kushoto ukienda inakuwa upande wa pili ukirudi. Iko mita moja kutoka katikati. Twende tukahesabu."

Tukahesabu. Nozeli ya nne kutoka kushoto ilikuwa ya buluu. Nyingine 10 zote zilikuwa nyekundu. Ile buluu nilikuwa nikiiona kila siku kwa miezi, nikidhani ni urembo tu, kama taa za matatu. Bila shaka kuna mtu kabla yangu aliyevunja nyekundu moja, akachomeka iliyokuwa karibu.

Rangi ya nozeli ni kipimo. Ni kanuni ya kimataifa, ISO 10625, na watengenezaji wengi wakubwa wanaifuata. Presha ikiwa baa 3 (na sisemi baa za kunywea), nozeli ya njano hutoa takriban lita 0.8 kwa dakika, ya buluu 1.2, nyekundu 1.6. Kwa hiyo ule ukanda wa nozeli ya nne ulikuwa unapata robo pungufu hata kama kila kitu kingine kingekuwa sawa. Nacho hakikuwa sawa. Mzee alinipa jagi lenye alama za mililita na simu yake iwe saa, tukakinga maji ya kila nozeli kwa dakika moja. Nyekundu mpya ingetoa 1.58. Zangu zilitoa 1.8, 1.9, moja ikafika 2.1. Zilikuwa zimelika. Maji ya kisima chetu huja na mchanga mwembamba, na dawa za unga nazo hukwaruza kama msasa, hadi kitundu kinapanuka. Kwa macho huoni lolote. Sheria wanayoifuata watu wa kazi hii ni kwamba nozeli ikizidi asilimia 10 juu ya kiwango chake cha upya, hiyo ni ya kutupa. Kwa nyekundu, mwisho ni kama 1.74.

Kumbe si ile mistari iliyofifia tu iliyokosa dozi yake: uwanja uliobaki nao nilikuwa nimeuzidishia. Hilo lilinikaa rohoni.

Tulibadilisha zote 11 kwa pamoja. Ukitia moja mpya kati ya kuukuu unatengeneza mstari mwingine wewe mwenyewe.

Tangu hapo nimebadilisha saa ya ukaguzi. Zamani nilikagua saa kumi na mbili asubuhi, dakika 10 kabla ya kuingia uwanjani. Ukigundua mpira umepasuka saa hiyo, utafanya nini? Maduka bado yamefungwa, wachezaji wanakuja, upepo nao huanza kuamka kadiri jua linavyopanda. Sasa nakagua jana yake mchana, nikiwa bado na nafasi ya kumtuma mtu Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, alete klipu au oringi kabla hawajafunga.

Kwanza nazima injini, natoa ufunguo, nautia mfukoni. Mfukoni kabisa, siuachi hata kwenye kiti. Bumu letu hukunjwa na kufunguliwa kwa haidroliki, na sitaki mtu wa kusogeza kigari aje anikute nimeinama chini yake. Glavu navaa hata kama tangi ni tupu, maana mabaki ya dawa hukauka kwenye kila kona ya mashine.

Halafu naenda kwenye pampu. Pampu yetu ni ya dayaframu, yaani ina viwambo vya mpira vinavyosukuma maji upande mmoja huku upande wa pili kuna oili. Ina kijicho cha plastiki cha kuonyesha oili hiyo. Ikiwa safi na iko kwenye alama, napita. Siku moja Julai, ile baridi ya Nairobi ya jua kutotoka wiki nzima na kuvu wakila grini, nilichungulia nikaona rangi ya chai ya maziwa. Sikuhitaji kumwita mzee. Oili ikiwa chai ya maziwa, maji yameingia: kiwambo kimetoboka. Ukiendelea kuiwasha, maji yanakula beringi na pampu nzima inakwenda. Tulifungua siku hiyohiyo, tukakuta tundu dogo la kupitisha kijiti cha kiberiti. Viwambo vipya na oili mpya vilitugharimu nusu siku. Pampu mpya ingetugharimu maelezo kwa kamati ya klabu.

Hapohapo kwenye pampu kuna chupa ya hewa ya kutuliza mapigo. Hewa yake ikipungua, sindano ya geji ya presha hutetemeka kama mtu mwenye homa. Geji yenyewe naitazama injini ikiwa imezimwa. Ikiwa haijarudi sifuri, haifai kuaminiwa ikifika tatu.

Mipira ya maji naipapasa kwa mkono, hasa pale inapokunjwa na bumu na pale inaposugua chuma. Nyaya nazo naziangalia, kwa sababu ya panya. Usiku wa mvua huingia bandani, na sijui wanapata utamu gani kwenye waya za valvu za bumu. Waliwahi kuikata ya mkono wa kulia. Asubuhi nikabonyeza swichi, kushoto na katikati vikafunguka, kulia kimya.

Machujio ni kazi ya dakika tano: moja kubwa la kufyonzea, kisha yale madogo nyuma ya kila nozeli. Nayafungua presha ikiwa imeshuka, nayasuuza, nayasugua kwa mswaki wa zamani. Nozeli iliyoziba siipulizi kwa mdomo hata siku moja, wala siichokoi kwa waya. Waya unapanua tundu, na mdomo, unajua mwenyewe kwa nini.

Magurudumu siyapigi teke tena. Nayapima kwa geji, kulia na kushoto yalingane. Tairi la kushoto likilegea kidogo, wewe uliye kwenye kiti huhisi chochote, lakini ncha ya bumu iko karibu mita tatu kutoka katikati na huko inashuka sana. Nozeli zetu hupuliza kwa pembe ya nyuzi 110 na zimeachana sentimita 50, kwa hiyo bumu linatakiwa kuwa sentimita 50 juu ya nyasi ili mipulizo ipishane vizuri. Nimekata kipande cha paipu ya plastiki cha urefu huo. Nakisimamisha kushoto, katikati na kulia. Wenzangu walinicheka, wakakiita fimbo ya chifu. Kimeshaniokoa mara mbili, moja ikiwa ni springi ya mkono wa bumu iliyokuwa imechoka ikiacha ncha inainama.

Nati za magurudumu, mikanda inayofunga tangi na breki sizipitii haraka. Tangi likijaa ni kilo 750 za maji mgongoni, na maji hayatulii. Ukikata kona kwenye mteremko, nayo yanakwenda upande wayatakayo.

Baada ya hapo ndipo natia maji, maji matupu, nusu tangi. Hapa ndipo ukaguzi wangu ulipo hasa. Nawasha, nafungua bumu lote, naweka baa 3, nasimama nyuma mahali jua linapiga kwa upande ili nione kila mpulizo ukiwa kama upepeo. Wenye mchirizi katikati au upande mmoja mzito hujitenga mara moja. Nachukua jagi, nakinga zote 11, naandika daftarini. Nikizima, nahesabu: ndani ya sekunde chache kila nozeli iwe imenyamaza. Inayoendelea kudondosha ina uchafu au kiwambo kilichochoka kwenye valvu yake ya kuzuia matone, na tone la dawa lililosimama mahali pamoja huacha doa la manjano ambalo kila mchezaji atakuuliza.

Mwisho ni mwendo. Nimepima mita 50 kwenye nyasi, si kwenye lami, nikaweka vigingi viwili. Nikiwa na nusu tangi, zile mita 50 zinatakiwa kuniishia kwa sekunde 36, ambayo ni kilomita 5 kwa saa. Hesabu niliyoandika ndani ya jalada la daftari ni hii: lita kwa dakika za nozeli moja, zidisha kwa 600, gawanya kwa mwendo, gawanya tena kwa nafasi kati ya nozeli kwa mita. Kwa nyekundu mpya ni 1.58 mara 600, gawanya kwa 5, gawanya kwa 0.5, unapata karibu lita 379 kwa hekta. Grini ya mita 500 za mraba inakula kama lita 19. Grini zote 18 za ukubwa huo ni kama lita 341, hata nusu ya tangi haifiki. Zamani nilikuwa najaza tangi, nabaki na dawa, kisha nahangaika pa kuipeleka.

Kulikuwa na kijana mwenzetu aliyezoea kuongeza presha kila akiona kiasi kimepungua. Nilimwonyesha kwa jagi: ili nozeli itoe mara mbili, presha lazima iwe mara nne. Unachopata kabla ya hapo ni ukungu unaoruka hadi kwa jirani anayeanika nguo. Kama kiasi hakitoshi, badilisha nozeli au punguza mwendo.

Maji matupu yakipita, kesho yake asubuhi ndipo dawa inafunguliwa: lebo kwanza, iwe imesajiliwa na PCPB (bodi ya Kenya ya kudhibiti viuatilifu), ovaroli, mabuti ya mpira, kinyago, miwani. Nikimaliza nasuuza tangi mara tatu, kila mara maji safi yakipitia kwenye nozeli, kisha nafungua machujio upya. Ukiacha dawa ilale humo, ukaguzi unaofuata utakuwa wa kuzibua.

Leo mchana nimemaliza saa tisa. Oili ya pampu safi, matairi sawa, fimbo ya chifu imepita kote. Nozeli namba 7 imetoa 1.69. Bado haijafika 1.74, lakini nimeshaandika tuagize seti nyingine, nyekundu zote 11, na mbili za akiba ziwekwe kwenye kopo lenye jina langu.