Karisimbi, maiti mmoja hatoshi

Nina sekretaria ndogo Katoyi, kartie (mtaa) ya komini ya Karisimbi, hapa Goma, mashariki mwa Kongo: kompyuta, mashine ya fotokopi, printa ya picha, na betri ya siku ambazo kura (umeme) imekatika. Watu huniletea CV, barua za kuomba kazi, mitihani ya shule za jirani, na komunike za kilio, yaani matangazo ya kifo. Ni hizi za mwisho ambazo zimenifanya niandike leo. Mtu akifa, ndugu huja na karatasi yenye majina ya jamaa walioko Butembo, Bukavu, Kisangani na Kampala. Mimi napanga maneno, tunaprinti, kisha mmoja wao anapanda moto (pikipiki) kwenda kulipia radio. Radio itasoma mara ngapi, hiyo inategemea mfuko wako.

Miezi michache iliyopita alikuja mama mmoja wa Majengo pamoja na shemeji yake. "Bwana wangu balimupiga masasi jana mangaribi," akasema, akakaa kwenye kiti bila kungoja nimkaribishe. Mume wake alikuwa anauza unite (salio la simu) na kutoa pesa za simu kwenye kibanda cha mbao kando ya barabara. Walimjia akiwa anafunga. Nilipouliza niandike nini kuhusu kifo chenyewe, shemeji alijibu kabla mjane hajafungua mdomo: "Yaya, andika tu alikufa gafula." Picha pekee waliyokuwa nayo ni ile ya kadi ya uchaguzi. Niliikuza kadiri ilivyowezekana, kwa ajili ya msalaba. Pesa ilitosha komunike isomwe mara moja tu.

Jioni hiyo, kwenye habari, kifo chake kilipata sentensi moja: mtu mmoja ameuawa na wezi wenye silaha katika kartie ya Majengo. Wakahamia kwenye mpira.

Haikupita muda mrefu, mwanaume mmoja alipigwa risasi ya mkono akiingia kwake Himbi, kartie ya wenye uwezo. Namshukuru Mungu alipona. Siku kadhaa tulisikia jina lake, kazi yake, watoto wake wanasoma wapi. Shirika lake likatoa tangazo, viongozi wakaenda kumwona hospitalini, picha yake ikazunguka kwenye simu zetu zote hadi nami nikaijua sura yake kama ya ndugu. Sina kinyongo naye hata kidogo, na kila neno jema lililosemwa juu yake alistahili. Ninachouliza ni kwa nini yule wa kibanda, ambaye hakupona, hakupata hata jina.

Nimewauliza waandishi wa habari wanaokuja kwangu kuprinti, na majibu yao yananihuzunisha kwa sababu ni ya kweli. Mwandishi wa radio ya hapa mara nyingi haishi kwa mshahara. Anaishi kwa kupaje, ile pesa ya transpo anayopewa na aliyemwalika. Mkutano wa shirika kwenye hoteli ya kando ya ziwa una kupaje. Kilio cha Majengo hakina. Baada ya giza motari, mwendesha pikipiki, hataki kuingia kwenye vichochoro vyetu vya mawe ya volkano, mahali ambapo hakuna taa hata moja ya barabarani, na akikubali anataka bei mara mbili. Kwa hiyo mwandishi anampigia simu chefu wa avenyu, kiongozi wa barabara ile, anapata "ndiyo, kuna mtu amekufa", na sentensi yake imekamilika.

Na kuna woga. Yule shemeji hakusema "alikufa gafula" kwa sababu ya aibu. Aliyeshika bunduki anaweza kuwa anaishi avenyu ya tatu kutoka hapo, na atasikia komunike kama sisi sote. Himbi nyumba ina ukuta, ina mlinzi, na nyuma yake kuna shirika lenye mwanasheria. Mtu wa huko anaweza kusema alipigwa risasi na bado akalala. Kwetu nyumba ni ya mbao, risasi inapita upande huu ikatokea ule. Anayetulaumu kwamba hatusemi aje alale kwetu usiku mmoja kwanza.

Wengine huniambia: lakini Karisimbi inaongelewa kila siku! Ndiyo, inaongelewa tukifa wengi. Tarehe 30 Agosti 2023 wanajeshi waliwafyatulia risasi waumini waliokuwa wanajiandaa kuandamana dhidi ya MONUSCO, jeshi la Umoja wa Mataifa la kulinda amani. Serikali ilitangaza kwanza wafu 43, baadaye idadi ikapita 50. Dunia iliamka kwa sababu ya video ya askari wakirusha miili ndani ya lori. Kesi ilianza siku chache baadaye hapa hapa Goma, na tarehe 2 Oktoba kanali mmoja alihukumiwa kifo. Kwa hiyo inawezekana! Mahakama inaweza kukaa haraka, mashahidi wanaweza kusikilizwa, macho yanaweza kugeuka upande wetu. Ila ilibidi tufe zaidi ya arobaini kwa asubuhi moja.

Baada ya vita vya mwisho wa Januari 2025, waasi wa AFC/M23 walipouchukua mji, ONU (Umoja wa Mataifa) ilitaja wafu 2,900 hivi: 2,000 waliokuwa wamekwisha kuzikwa, na 900 ambao bado walikuwa kwenye morge (vyumba vya maiti). Niliichapa namba hiyo kwenye ripoti ya mteja mmoja, nikasimama, nikatoka nje kupata hewa. Katika wiki hizo komunike zilizonifikia zilikuwa chache sana kuliko wafu. Barabara zilikuwa zimefungwa, na familia nyingi zilikuwa bado zinatafuta.

Vita vile havijaondoka kwenye mitaa yetu, ingawa kamera zimeondoka. Askari waliokimbia walitupa silaha zao barabarani na kwenye viwanja. Wafungwa wa gereza la Munzenze walitoroka kwa maelfu. Benki zikafungwa, na tangu hapo pesa ya mji huu inapita mikononi mwa wavunja franga (wabadilisha pesa) na kwenye vibanda vya mbao kama kile cha yule baba. Weka hayo matatu pamoja na utaelewa kwa nini mtu anayefunga kibanda saa kumi na mbili jioni anageuka nyuma mara mbili kabla ya kuzungusha ufunguo.

Tofauti hii ya kuonekana haikuanza jana. Wengi wetu tunakumbuka tarehe 22 Februari 2021, barabara ya Rutshuru, karibu na Kibumba. Balozi wa Italia, Luca Attanasio, aliuawa pale pamoja na mlinzi wake Vittorio Iacovacci. Italia iliwafanyia mazishi ya kitaifa Roma, na ilifanya vizuri. Mtu wa tatu aliyekufa siku hiyo alikuwa dereva wa PAM, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, Mustapha Milambo, Mkongomani. Hata hapa Goma nimesikia watu wakisimulia kisa hicho na kusema "balozi, mlinzi wake na dereva." Mnamo Aprili 2023 mahakama ya kijeshi ya Kinshasa iliwahukumu watu sita kifungo cha maisha. Kwenye barabara hiyo hiyo madereva na abiria wa kwetu wamekuwa wakiuawa na kutekwa kwa miaka na miaka, na nikijaribu kukumbuka jina la hata mmoja wao lililosomwa mahakamani, sipati.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba kuna aina moja ya kutazamwa ambayo sisi tunaipata kwa wingi: bukilaje, msako wa kuzingira mtaa. Mtu akiuawa Majengo, Ndosho au Mabanga, saa kumi alfajiri kartie inazingirwa, vijana wanatolewa nje wakiwa hawajavaa hata viatu, wanakalishwa chini kwenye mawe, wanapakiwa. Bendera ya wanaoulinda mji imebadilika, bukilaje haijabadilika. Himbi ikipigwa risasi inapewa patroli ya kuilinda. Majengo ikipigwa risasi inashukiwa. Mjane anazika mume, halafu wiki hiyo hiyo anakimbia huku na huku kutafuta mtoto wake wa kiume amepelekwa wapi.

Matokeo yake nayaona kwenye meza yangu. Vijana wenye diploma nzuri wananiomba niandike kwenye CV kwamba wanakaa Katindo au Himbi, kwa shangazi. Msichana mmoja wa Ndosho, aliyemaliza uhasibu, aliniambia kwamba alipotaja kartie yake kwenye mahojiano ya kazi, yule aliyekuwa anamuuliza aliacha kuandika. Miaka na miaka ya sentensi ileile, "mtu mmoja ameuawa Ndosho", imemfanya msikilizaji alijue jina la Ndosho bila kumjua mtu yeyote wa Ndosho. Huyu dada haibi, hana bunduki, na risasi za usiku anazisikia yeye kabla ya mtu yeyote wa kando ya ziwa.

Sasa nafanya hivi. Familia ikija na komunike ya mtu aliyeuawa kwa risasi, nauliza kwa upole kama wangependa niweke kumbukumbu: jina lote, avenyu, kazi, saa ya tukio, waliripoti wapi na wakapewa karatasi gani. Wakikataa, sisisitizi. Wakikubali, naweka faili, naiskani kila karatasi, na sitozi kitu. Mjane wa Majengo alirudi baada ya siku arobaini, peke yake, akaniambia niweke jina la mume wake, na niandike kwamba alipigwa risasi. Akanitajia pia kwamba alikuwa mshonaji kabla ya vita, na kwamba kanzu za kwaya ya parokia yao alizishona yeye.

Waandishi wa Goma mnaosoma hapa, wengi wenu sekretaria yangu mnaijua. Usiku msije, naelewa. Njooni asubuhi, kuna chai. Familia ambazo zimekubali, nitawapa jina, picha na namba ya chefu wa avenyu, na hamtalipa hata fotokopi. Kisha mkishatangaza, rudini baada ya mwezi muulize dosie (faili ya kesi) imefika wapi, kama mlivyouliza kwa yule wa Himbi. Na wakurugenzi wa radio: someni bure komunike za waliouawa kwa risasi. Ni dakika mbili kwa siku, na siku nyingine hata hizo hazitahitajika.