Barua zetu zilikuwa zinaishia kwenye spamu

Nyumba ya wageni ninayoisimamia iko Shela, Lamu. Mgeni akishalipia chumba, mfumo humtumia barua pepe wenyewe: moja ya kuthibitisha malipo, nyingine siku mbili kabla ya safari, yenye jina la boti itakayomngoja gatini Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege, na namba ya nahodha.

Julai, mume na mke kutoka Ujerumani walitua, wakaangaza huku na huku, wakapanda boti nyingine kwa nauli mara tatu. Nahodha wetu alikuwa papo hapo akiwangoja. Mama yule aliniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma: "Hamkutuandikia." Nikamwomba simu yake. Kwenye folda ya spamu barua zetu mbili zilikuwa katikati ya matangazo ya kamari.

Mfumo wetu ulionyesha "imetumwa" kila mara, ndiyo maana sikuwahi kushuku. Usiku ule nilijitumia barua moja kwenye Gmail, nikafungua maandishi yake ghafi, yale marefu ambayo kwa kawaida hayaonekani. SPF, ukaguzi wa seva iliyotuma: softfail, yaani haikutambuliwa. DKIM, sahihi ya kidijitali ya barua, haikuwapo kabisa.

Kumbe barua tunazoandika wenyewe hupita seva moja, za mfumo hutoka seva nyingine kwa jina la domeni yetu, ile sehemu ya anwani inayofuata @. Rekodi ya SPF hutaja seva zenye ruhusa, na ile ya mfumo haikutajwa. Ni sawa na mtu kubisha hodi akidai nimemtuma mimi, na wenye nyumba sikuwaambia. Nani atamfungulia?

Nikakosea: niliongeza rekodi ya pili ya SPF chini ya ile ya zamani. Domeni hairuhusiwi kuwa na mbili. Ukaguzi ukarudisha permerror, yaani rekodi ina kosa na haifai kutumika, hali mbaya kuliko mwanzo. Nikaifuta, nikaitia seva ya mfumo ndani ya rekodi ileile. Kisha nikaweka DKIM, inayotia kila barua sahihi, na DMARC, inayowaambia wapokeaji wafanye nini na barua zisizopita ukaguzi. Niliiweka p=none, yaani wasizuie chochote, ili nisome ripoti kwanza. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo huwadai watumaji wakubwa vyote vitatu. Sisi hatufikishi barua ishirini kwa siku, lakini hata mdogo hudaiwa SPF au DKIM, na mfumo wetu haukuwa na hata kimoja.

Kichwa cha barua nacho, "THIBITISHA MALIPO SASA!!!", nilikiondoa. Kilinuka utapeli. Sasa ni "Chumba chako Shela" na tarehe.

Wiki iliyofuata nahodha alinipigia kutoka Manda. "Mgeni kashuka, kanijia moja kwa moja, simu mkononi, ananitajia jina la boti."